Kubaki, kuhama pamoja au kila kaya kivyake: ulinganisho kwa walio kwenye ardhi inayopotea

Hati ya kiwanja huandikwa kana kwamba ardhi haiendi popote. Ina namba, ina ukubwa, ina mawe ya mipaka kwenye pembe zake. Kisha ziwa linapanda. Maziwa ya Bonde la Ufa nchini Kenya yalipotanuka, hasa mwaka 2020, wapo watu kando ya Naivasha na Baringo waliobaki na karatasi halali za viwanja ambavyo mawe yake yote yamo majini. Mwenye hati hajauza wala hajanyang'anywa. Ila hana pa kusimama.

Wanaofikia hapo, iwe kwa maji yanayopanda, mto unaomega kingo, mvua zinazokosekana msimu baada ya msimu au ardhi iliyoganda inayoyeyuka chini ya nyumba, huwa na njia tatu kubwa. Wabaki na kuikabili hali. Wahame wote kwa pamoja kwenda eneo jipya. Au kila kaya ijitafutie, mmoja akitangulia na wengine wakifuata au wakisubiri. Mikutano mingi hukwama hapo, na mjadala huwa wa maji na pesa. Kwa ninavyoona, maswali mawili yanayowekwa pembeni ndiyo huamua watu wataishia wapi: ardhi imeandikwa jina la nani, na nani alikuwepo uamuzi ulipofanywa.

Kuhusu ukubwa wa jambo lenyewe, ripoti ya Benki ya Dunia ya 2021 iitwayo Groundswell ilikadiria kwamba hadi watu milioni 216 katika kanda sita za dunia wanaweza kuwa wamehama ndani ya nchi zao ifikapo 2050, na kwamba hatua za mapema zingeweza kuipunguza idadi hiyo kwa hadi asilimia 80. Nasisitiza: ndani ya nchi zao. Picha ya boti zinazovuka bahari imetuzoesha vibaya. Wengi huenda wilaya ya jirani au mji ulio karibu, na huko wanakuta ardhi ina mwenyewe.

Mizani tutakayoitumia

Njia zote tatu nitazipima kwa vipimo vinne.

Cha kwanza ni ardhi, na hapa kuna ardhi mbili: unayoiacha na unayoipokea. Watu hujadili ya pili wakaisahau ya kwanza. Cha pili ni sauti: nani anaitwa mkutanoni, anaitwa kabla au baada ya ramani kuchorwa, na akisema hapana inabadilisha chochote? Cha tatu ni muda, pamoja na mlango wa kurudi. Cha nne ni gharama, na hapo muhimu kuliko kiasi ni mfuko unaotoa.

Njia ya kwanza: kubaki na kuikabili hali

Hapa namaanisha kuta za bahari, matuta, mikoko, nyumba za kuinuliwa, mbegu zinazovumilia ukame, mabwawa ya kuhifadhia maji na mifumo ya tahadhari.

*Ardhi.* Kwa upande huu kubaki kuna nguvu kubwa. Sehemu nyingi haki ya kimila huishi kwa kutumika: anayelima na kulisha mifugo pale ndiye anayetambuliwa na majirani, hata kama hana karatasi. Ukiwa juu ya ardhi yako, si rahisi mtu kusema haina mtu.

Lakini ardhi yenyewe inaweza kuondoka chini ya miguu. Bangladesh imelizoea jambo hili kiasi cha kulitungia kanuni. Mito yake hula kingo upande mmoja na kutema visiwa vya mchanga upande mwingine. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 1994, mwenye ardhi iliyomezwa na mto anabaki na haki yake iwapo ardhi hiyo itaibuka tena ndani ya miaka 30 mahali ilipokuwa. Kwenye karatasi ni kanuni ya busara, kwa sababu inatambua kwamba kuzama si kuhama. Uwanjani mambo ni mengine: kisiwa kipya kinapochomoza, wenye nguvu hufika na watu wao wa fimbo kabla mwenye hati hajafika na karatasi yake. Kwa hiyo kuwa na haki hakutoshi, lazima pawe na mtu wa kuidai siku mchanga unapoonekana.

Tishio la pili kwa wanaobaki ni mstari. Baada ya kimbunga Haiyan kuipiga Ufilipino Novemba 2013, eneo la mita 40 kutoka ufukweni lilitangazwa kuwa la hatari, lisilofaa kwa makazi. Nia inaeleweka. Ila wapangaji na wasio na hati wa mji wa Tacloban, ambao riziki yao ilikuwa baharini, ndio walioubeba mstari huo, na makazi mapya walikopelekwa yalikuwa kaskazini mwa mji, mbali na boti zao. Mahali popote unapochorwa mstari wa hatari, ulizeni swali moja la kijinga: je, unaihusu na hoteli?

*Sauti.* Kisa ninachokirudia kila mara ni cha bonde la Beel Dakatia, kusini magharibi mwa Bangladesh. Matuta yaliyojengwa miaka ya 1960 kuzuia maji ya chumvi yalifanya kazi nzuri kwa muda, kisha yakageuka mtego. Tope lililokuwa likitandazwa na mawimbi juu ya mashamba sasa lilijaa kwenye mito, mito ikawa juu kuliko mashamba, na maji ya mvua yakakosa pa kutokea. Watu waliishi ndani ya dimbwi miaka nenda miaka rudi. Walilalamika, hawakusikilizwa. Mwaka 1990 walichukua majembe wakalikata tuta wenyewe, bila kibali. Maji ya bahari yakaingia na kutoka, yakaacha tope, ardhi ikainuka.

Baadaye wataalamu na serikali walilichukua wazo hilo, wakalipa jina na kulipanga kama mradi wa kuacha mawimbi yajaze mabonde kwa zamu. Hapo ndipo suala la ardhi likarudi mlangoni. Bonde likifunguliwa, wenye mashamba hawalimi kwa miaka kadhaa, kwa hiyo wanastahili fidia. Fidia inataka hati. Hati nyingi bado ziko kwa jina la babu aliyekwishafariki, na anayelima kwa kugawana mavuno hana hati kabisa. Kuna mabonde ambako watu walikuja kuukataa mradi uliozaliwa na majembe ya watu kama wao, kwa sababu tu malipo hayakuwafikia.

Uholanzi ilipitia jambo la namna hiyo kwa utulivu zaidi. Baada ya mafuriko ya 1993 na 1995 (mwaka huo wa pili watu wapatao 250,000 waliondolewa makwao), serikali iliamua kuipa mito nafasi badala ya kuinua matuta tu. Wakulima wa Overdiepse Polder, eneo la mashamba lililozungushiwa tuta, hawakungoja barua. Walipeleka mpango wao: tuta lishushwe, mto upite juu ya mashamba ukijaa, na nyumba na mazizi yajengwe juu ya vilima vya udongo vilivyorundikwa. Ulikubaliwa. Vilima vikawa vinane, kwa mashamba manane. Wengine wakalipwa wakaondoka. Ndiyo kusema hata pale "kubaki" kulipofanikiwa, kuna waliohama.

*Muda na mlango wa kurudi.* Kubaki ndiyo njia pekee inayoziacha nyingine mbili wazi. Tatizo lake ni kwamba ukuta hununua miaka, na watu husahau kuwa waliinunua. Pesa zinaisha kwenye saruji, kisha uhamisho unafanywa kwa pupa. Kamati makini hukubaliana mapema juu ya dalili: kisima kikiwa cha chumvi misimu miwili mfululizo, au maji yakilifikia jengo fulani, tunaitisha kikao upya. Liandikwe kwenye muhtasari wa kikao, maana dalili isiyoandikwa kila mtu huiona siku yake.

*Gharama.* Kazi kubwa humwangukia mkazi mwenyewe. Hata hivyo si kila kinga ni ghali. Kimbunga cha 1970 kiliua watu 300,000 au zaidi katika eneo ambalo leo ni Bangladesh; Sidr ya 2007, nayo dhoruba kubwa, iliua zaidi ya 3,000, na tofauti hiyo imetokana kwa sehemu kubwa na tahadhari za mapema na majengo ya kujikinga. Ila tahadhari huokoa mtu, haiokoi shamba.

*Inawafaa* wenye ardhi ambayo bado ina miaka mbele yake, wenye chombo cha maamuzi wanachokidhibiti wao, na ambao haki yao ya kimila ingeyeyuka mara wakiondoka. Haiwafai wanaobaki kwa sababu tu hawana nauli. Huko si kuchagua.

Njia ya pili: kuhama pamoja

*Ardhi.* Visa vyepesi kuliko vyote ni vile ambavyo ardhi ya juu ilikuwa tayari ya jamii yenyewe. Kijiji cha Vunidogoloa nchini Fiji kilihama mwaka 2014 umbali wa kama kilomita mbili, ndani ya ardhi yake ya kimila. Juni 2024 familia zipatazo 300 za Waguna wa kisiwa kidogo cha Gardi Sugdub, Panama, zilipokea nyumba Isberyala, bara, ndani ya eneo la Waguna wenyewe. Hakukuwa na mwenyeji wa kubembeleza.

Pasipo bahati hiyo, mambo hubadilika. Watu wa visiwa vya Carteret, Papua New Guinea, walijaribu kuhamia kisiwa cha Bougainville miaka ya 1980 na wengi wakarudi, kwa migogoro ya ardhi na vita iliyofuata. Mwaka 2006 wakaunda shirika lao, Tulele Peisa, likiongozwa na Ursula Rakova, na safari hii ardhi ilitolewa na Kanisa Katoliki huko Tinputz. Hata hapo, kazi kubwa ya shirika imekuwa kujenga maelewano na majirani wapya, kwa sababu muhuri wa kanisa haukufanyi ndugu wa anayelima upande wa pili wa kijito. Kiribati nayo ilinunua zaidi ya ekari 5,000 kwenye kisiwa cha Vanua Levu, Fiji, mwaka 2014. Kwenye ardhi hiyo tayari palikuwa na wakazi, wazao wa watu wa Visiwa vya Solomon waliopelekwa Fiji kama vibarua vizazi vilivyopita. Ardhi inayoonekana tupu kwenye ramani, mara nyingi ramani ndiyo tupu.

Kijiji cha Newtok, Alaska, kililazimika kusubiri sheria ya Bunge la Marekani ya 2003 ili kibadilishane ardhi na serikali kuu na kupata eneo la Mertarvik. Na ardhi ya zamani je? Walioondoka Isle de Jean Charles, Louisiana, kisiwa kilichopoteza takriban asilimia 98 ya ardhi yake tangu 1955, waliruhusiwa kuendelea kumiliki viwanja vyao, ila si kuishi humo. Ni makubaliano ambayo jamii nyingine hazikuwaza hata kuyaomba.

Kuna jambo dogo linalofanyika kwenye meza ya usajili bila kelele. Karani anauliza jina la mkuu wa kaya, anaandika la mwanamume, anageuza ukurasa. Carteret ardhi hupita kwa upande wa mama. Jamii ya namna hiyo ikisajiliwa upya kwa majina ya wanaume, urithi wote umepinduliwa kwa mchana mmoja wa kujaza fomu, na hakuna aliyeupigia kura.

*Sauti.* Nadharia iko wazi. Kifungu cha 10 cha Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu wa Asili la 2007 kinasema watu hao wasihamishwe bila ridhaa iliyo huru, iliyotolewa mapema na kwa kuelewa, baada ya kukubaliana fidia ya haki na, inapowezekana, nafasi ya kurudi.

Vunidogoloa kijiji ndicho kilichoomba kuhama, na wanakijiji walichangia mbao na nguvu kazi. Ni kati ya visa vinavyosifiwa sana, na kwa haki. Lakini nyumba zilipokabidhiwa hazikuwa na majiko. Chumba cha kulala, mlango, madirisha, ila hakuna mahali pa kuwashia moto. Fikiria ni vikao vingapi vilipita, ramani ngapi zilikunjuliwa mezani, bila mtu anayepika kila siku kuwa karibu na kuinyooshea kidole. Ushirikishwaji wa kijiji si lazima uwe ushirikishwaji wa kila aliyemo kijijini.

Isle de Jean Charles ni funzo la aina nyingine. Uongozi wa kabila la wakazi wake wa asili ulikuwa umepanga kwa miaka namna ya kuwakusanya watu wake waliotawanyika. Mwaka 2016 serikali kuu ya Marekani ikatoa dola milioni 48 kupitia jimbo, na kadiri jimbo lilivyoushika usukani, ndoto ya kabila ikageuka mradi wa nyumba kwa kaya zilizobaki kisiwani. Watu walianza kuhamia makazi mapya Agosti 2022, lakini viongozi wa kabila walikwishajitenga na mpango na baadaye wakapeleka malalamiko rasmi. Newtok yenyewe ilikwama kwa mabaraza mawili yaliyodai kila moja ndilo halali. Wafadhili wakafunga mifuko hadi mgogoro ulipokwisha. Kabla ya kuomba ufadhili, mjue nani atatia sahihi kwa niaba yenu.

*Muda na mlango wa kurudi.* Mrefu kuliko mtu anavyotaka kusikia. Newtok waliamua katikati ya miaka ya 1990. Familia za kwanza zilihamia Mertarvik Oktoba 2019, na za mwisho 2024. Gardi Sugdub walianza mipango karibu 2010. Mtoto aliyezaliwa siku ya kikao cha kwanza anaweza kuhama akiwa na watoto wake. Mlango wa kurudi hujifunga taratibu, ingawa umbali hufanya tofauti kubwa: kwa kuwa Isberyala iko karibu, baadhi ya familia zilibaki kisiwani na nyingine huenda na kurudi.

*Gharama.* Kubwa, na karibu kila mara inatoka nje ya jamii. Anayelipa hutaka ratiba yake. Ulizeni pia nani atatengeneza pampu ya maji mwaka wa tano, wafadhili wakishaondoka.

*Inawafaa* jamii zinazotaka kubaki jamii: zenye lugha, uongozi na makaburi yanayowaunganisha, na hasa zenye ardhi yao ya juu karibu. Kwa kijiji ambacho nusu ya vijana wameshaondoka na waliobaki hawaelewani, njia hii inaweza kuleta magomvi mapya juu ya yale ya zamani.

Njia ya tatu: kila kaya kivyake

Hii ndiyo inayochukuliwa na wengi, mara nyingi bila kikao chochote. Kijana anaondoka baada ya mavuno mabaya, anatuma pesa, mwaka unaofuata anarudi au harudi.

*Ardhi.* Asiyekuwepo na lake halipo, walisema wahenga, na sheria wakati mwingine hukubaliana nao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania ya 1999 inaruhusu ardhi isiyokaliwa wala kutumiwa kwa miaka isiyopungua mitano itangazwe kuwa imetelekezwa. Si Tanzania peke yake yenye kanuni ya namna hiyo. Ukame wa miaka mitatu pamoja na miaka miwili ya kutafuta kazi mjini inatosha kukufikisha hapo. Anayeondoka huku akitaka ardhi yake aache mtu anayelima kwa niaba yake, kwa maandishi na mbele ya mashahidi, kwa sababu ndugu aliyeachiwa shamba kwa mdomo huanza kuamini ni lake, na si lazima awe mwovu.

Huko anakofika, kaya hupanga chumba au hujenga mahali pasipo na hati. Ardhi ya bei nafuu mjini ni ya bei nafuu kwa sababu: iko bondeni, kando ya mfereji, chini ya mteremko. Wengi waliokimbia mito inayomega kingo wameishia kwenye vitongoji vinavyofurika vya Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh. Wakiondolewa tena, hawana karatasi ya kudaia fidia.

*Sauti.* Hapa ndipo njia hii ilipo dhaifu kuliko zote. Kijijini hayupo mkutanoni, mjini hajaandikishwa. Mke aliyebaki analima, analipa michango, anaijua mipaka kuliko mtu yeyote, lakini kwenye daftari la kamati jina ni la aliyeondoka. Hata hivyo nisiidharau. Anayetuma pesa hupata sauti kwa simu ambayo hakuwa nayo alipokuwa amekaa mkutanoni, na kaya yenye tawi mjini haiburutwi kirahisi.

Kuhusu sheria, mambo hutofautiana mno kati ya anayevuka mpaka na asiyevuka. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unamlinda anayehofia kuteswa kwa rangi, dini, uraia, kundi la kijamii au msimamo wa kisiasa. Bahari haimo. Ioane Teitiota wa Kiribati alipinga kurudishwa kwao kutoka New Zealand, akieleza pamoja na mengine kwamba uhaba wa ardhi kisiwani umeleta ugomvi hadi wa kuuana. Uamuzi wa Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, uliotangazwa Januari 2020, haukumpa ushindi, ila ulikiri kwamba athari za tabianchi zinaweza kufikia kiwango cha kuizuia nchi kumrudisha mtu. Ndani ya mipaka, Mkataba wa Kampala wa Umoja wa Afrika, uliopitishwa 2009 na kuanza kutumika 2012, unazitaka nchi wanachama kuwalinda waliohamishwa na majanga, yakiwemo ya mabadiliko ya tabianchi, na kuweka utaratibu rahisi wa kutatua migogoro ya mali zao. Mawaziri wa nchi za IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na majirani zake, waliidhinisha 2020 itifaki ya watu kuvuka mipaka kwa uhuru, inayowagusa wanaokimbia majanga. Na mkataba kati ya Tuvalu na Australia, uliotiwa sahihi 2023, unatoa nafasi 280 kwa mwaka za kuhamia Australia. Bahati nasibu ya kwanza ilipofunguliwa 2025, ndani ya siku chache zaidi ya theluthi moja ya Watuvalu walikuwa wamejiandikisha. Nafasi hiyo ni ya mtu na familia yake, lakini kila anayeichukua huacha kiti kitupu nyumbani.

*Muda na mlango wa kurudi.* Ndiyo ya haraka kuliko zote, na ya msimu ndiyo rahisi kuigeuza. Wafugaji na wakulima wa Saheli walihamahama kwa misimu kabla mtu hajaiita hali hiyo "athari za tabianchi". Mlango unabaki wazi kadiri kiwanja kinavyobaki chako.

*Gharama.* Inalipwa na kaya. Ndiyo maana maskini kabisa hawahami: wameuza mbuzi wa mwisho kununua chakula, nauli imetoka wapi?

*Inawafaa* kaya zenye mtu mwenye ufundi au ndugu wa kumpokea, na zenye ardhi ambayo haki yake imeandikwa kiasi cha kustahimili kutokuwepo. Haifai sana kwa jamii ndogo ambayo kila kaya inayoondoka inasogeza shule karibu na kufungwa.

Ukiwa na hali kama hii

Kama ardhi bado inazaa lakini mnaona dalili, na haki zenu ni za kimila bila maandishi, kubaki kwa sasa kuna faida kubwa, na kazi ya kwanza si ukuta. Ni kupima mipaka, kuandika majina ya wenzi wote wawili, wapangaji na wanaolima kwa kugawana, na kuuhifadhi muhtasari wa kila kikao mahali ambapo maji hayafiki.

Kama maji yameingia nyumbani zaidi ya mara moja na mna ardhi yenu ya juu, anzeni mazungumzo ya kuhama pamoja leo, kwa sababu, kama tulivyoona, safari hiyo huchukua miaka mingi. Kubalianeni kwanza nani anawasemea, kisha ndipo mtafute mfadhili. Nendeni na wapishi kwenye kikao cha ramani.

Kama mnataka kuhama pamoja lakini ardhi ni ya wengine, tumieni mwaka wa kwanza kwa wenyeji kuliko kwa wahandisi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: nanyi mtapewa jembe, ila jembe bila shamba ni ugomvi. Mkataba useme wazi kama mnapewa kumiliki, kutumia au kuishi tu, na watoto wenu watarithi nini.

Kama ni kaya moja na kijiji hakina mpango wowote, kumtanguliza mtu mmoja huku wengine wakishikilia shamba ndiko wengi hufanya, na kuna mantiki. Aliyebaki apewe barua inayomruhusu kuhudhuria na kupiga kura kwenye mikutano ya ardhi. Njia hii huchanganyika vizuri na ya kwanza: pesa za mjini ndizo mara nyingi huinua msingi wa nyumba ya kijijini.

Kama wewe ni mpangaji au huna hati kabisa, katika ulinganisho huu wewe ndiye uliyepata kidogo kuliko wote, kwa kuwa njia zote tatu zimepangwa na wenye hati. Kinachosaidia ni kuhesabiwa kabla ya janga. Piga picha nyumba na alama zilizo jirani, weka risiti za maji, kodi au shule zenye jina la mtaa, na pelekeni orodha ya kaya zenu kwa pamoja ofisini, mkidai nakala yenye muhuri wa siku iliyopokelewa.

Na kama mstari wa hatari umekwishachorwa na notisi zimebandikwa, muda wa kulinganisha umebaki mfupi. Ombeni kwa maandishi ramani na taarifa za kitaalamu zilizotumika kuuchora, na mtembee kuufuata wote kwa miguu, mkiandika kila jengo lililo ndani yake na kila lililoachwa nje.